Nyumba za Magengeni za Mesa Verde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikituma picha za Cliff Palace, kijiji cha kale cha mawe kilichojengwa ndani ya ukuta wa genge huko Mesa Verde, Marekani, kwenye kundi la ukoo, simu hainyamazi. Shangazi anataka kujua walipandaje huko juu. Binamu ameshaamua kwamba walipotea wote usiku mmoja. Na hakosekani wa kuwataja viumbe kutoka angani. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi majibu nimeyaweka hapa. Nimezungumzia zaidi Mesa Verde kwa sababu huko ndiko nilikokwenda zaidi ya mara moja. Sehemu nyingine nimezigusa mwishoni.

Mesa Verde iko wapi, na jina hilo lina maana gani?

Iko pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la Colorado, Marekani, si mbali na mahali yanapokutana majimbo manne: Colorado, Utah, Arizona na New Mexico. Jina ni la Kihispania, na neno la kwanza halihitaji mkalimani: *mesa* ndiyo hiyo hiyo meza yetu, ila sisi tuliipata kwa Wareno. *Verde* ni kijani. Ukiutazama mlima kutoka upande wa mji wa Cortez unaona kwa nini uliitwa hivyo. Umekatwa kichwa, juu ni bapa, na umefunikwa na misonobari mifupi na mireteni.

Usidhani lakini kwamba ni uwanja mmoja mpana. Meza hiyo imeinama kidogo kuelekea kusini na imechanwachanwa na makorongo marefu. Nyumba zenyewe hazipo juu mezani wala chini korongoni. Zipo katikati, ukutani.

Nyumba za magengeni ni nini hasa? Ni mapango yaliyochimbwa?

Hapana, hakuna aliyechimba. Wanaojua nyumba za zamani za pwani wanavijua vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea taa au msahafu. Sasa fikiria kidaka kilichofanywa na maumbile katika ukuta wa mwamba, kirefu kiasi cha kutosha kijiji. Ndani yake watu wakajenga nyumba za mawe zenye kuta zao, milango yao na ghorofa zao, na mwamba ukawa mwavuli juu ya yote.

Ndani ya hifadhi kuna takriban maeneo 5,000 yenye mabaki ya kale, na kama 600 kati yake ndizo nyumba za magengeni. Watu wakisikia 600 huona vichwani majumba 600. Sivyo. Robo tatu ya hizo zina chumba kimoja hadi vitano tu, na baadhi ni ghala tupu lililobanwa kwenye ufa ambao hata paka angefikiri mara mbili kuuingia. Cliff Palace ndiyo kubwa kuliko zote: vyumba 150 hivi, kiva zaidi ya 20 (vyumba vya duara vilivyozamishwa ardhini, nitavieleza mbele), na wakazi wanaokadiriwa kuwa kama mia moja. Neno "Palace" lisikudanganye, hapakuwa na mfalme. Ni kijiji ambacho kuta za majirani zinagusana na paa la huyu ndilo uwanja wa yule.

Nani walizijenga? Ndio wale "Anasazi"?

Walizijenga mababu wa Wapueblo wa leo. Neno "Anasazi" lilitumika sana vitabuni, na bado utalikuta, lakini ni la lugha ya Wanavajo, na maana yake inakaribia "maadui wa kale" au "mababu wa maadui". Jiulize ungejisikiaje babu yako akiandikwa makumbushoni kwa jina alilopewa na jirani waliyegombana. Wapueblo wengi hawalipendi, na siku hizi husemwa Wapueblo wa Kale. Wahopi wana neno lao wenyewe, Hisatsinom.

"Pueblo" nalo ni la Kihispania, maana yake kijiji au mji. Wahispania waliwaita hivyo kwa kuwa waliwakuta wakiishi katika miji ya nyumba zilizoshikana. Hawa si taifa moja lenye lugha moja. Wapo Wahopi wa Arizona, Wazuni, watu wa Acoma, Laguna, Taos na wengine wengi, na lugha zao nyingine ziko mbalimbali kabisa, kama Kiswahili na Kimaasai.

Mapango hayo yalitokeaje?

Juu kuna tabaka nene la mwamba wa mchanga. Chini yake kuna tabaka la mwamba wa tope lililogandamana, ambalo halipitishi maji. Theluji ikiyeyuka juu ya meza, maji yanazama polepole ndani ya mwamba wa mchanga mpaka yagonge lile tabaka la chini. Hapo yanakosa njia, yanakwenda upande, yanachuruzika ukutani. Majira ya baridi yanaganda na kutanuka ndani ya nyufa, na vipande vya mwamba vinabanduka. Miaka elfu kwa elfu, ukuta unaliwa kutoka chini na paa linabaki.

Napenda jambo moja hapa: maji yaliyochonga pango ndiyo hayo hayo yaliyowanywesha watu. Nyuma ya mapango mengi kuna chemchemi ndogo, tone kwa tone. Katika baadhi ya sehemu utaona vibwawa vidogo walivyochonga sakafuni ili yakusanyike.

Walijengaje bila chuma?

Bila chuma, bila gurudumu, bila punda wala ng'ombe. Walivunja mawe ya mchanga, kisha wakayagonga kwa mawe magumu ya mtoni mpaka yakawa kama tofali. Ukisogea karibu na ukuta mzuri, unaona uso wa kila jiwe umejaa vidoa vidogo vya kugongwa, kama jiwe la kusagia lililotoka kunolewa. Udongo wa kuunganishia ulikuwa udongo wa kawaida, maji na majivu. Katika viungo wakapachika vijiwe vidogo kuukaza udongo usilegee, na hapo kwenye udongo ndipo kuna alama za vidole vyao, nyingine ndogo mno.

Paa la chumba lingemfanya Mgogo wa Dodoma ajisikie nyumbani: boriti, juu yake fito, juu yake magome na matawi, kisha udongo ulioshindiliwa. Ni tembe. Tofauti ni kwamba hawa waliweka tembe juu ya tembe, mpaka ghorofa tatu au nne pale pango liliporuhusu. Boriti zilikatwa kwa shoka za mawe, na ncha zake zilizotafunwatafunwa na shoka hizo bado zinachomoza ukutani.

Usifikiri pia kwamba nyumba zilikuwa na rangi ya mwamba kama zinavyoonekana leo. Kuta nyingi zilipigwa lipu na kupakwa rangi, nyekundu chini na nyeupe au ya waridi juu. Ndani ya mnara wa ghorofa nne wa Cliff Palace bado kuna michoro myekundu juu ya lipu nyeupe. Unaiona kwa kuinamisha kichwa dirishani.

Walipandaje na kushukaje?

Kwa ngazi za mbao, na kwa vidato vilivyochongwa kwenye mwamba, vya kutosha vidole vya mguu na vya mkono tu. Kumbuka mashamba yalikuwa juu ya meza. Maana yake ni kwamba mahindi yalishuka, kuni zilishuka, watoto walipanda na kushuka, na mara nyingi mzigo ulikuwa mgongoni.

Kwa nini wahamie ukutani?

Kwanza tuweke sawa muda, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu hawa waliishi Mesa Verde tangu karibu mwaka 550. Walianza na nyumba zilizochimbwa nusu ardhini, wakaja nyumba za juu ya ardhi, kisha vijiji vya mawe, na karibu vyote vilikuwa juu ya meza. Ujenzi mkubwa wa magengeni ulianza mwishoni mwa miaka ya 1100, na kabla ya mwaka 1300 wameshaondoka. Miaka zaidi ya mia saba kwa jumla, na hizi nyumba tunazozipiga picha ni miaka isiyofika mia ya mwisho.

Kwa nini basi? Wataalamu wanatoa sababu kadhaa. Pango linakinga mvua na theluji. Mengi yanatazama kusini au magharibi, hivyo jua la baridi, ambalo liko chini, linaingia ndani, na jua la kiangazi, ambalo liko utosini, linazuiwa na mwamba. Maji yako jirani. Na kijiji ambacho njia yake ni vidato vya vidole hakishambuliwi kirahisi.

Mimi naipa uzito hiyo ya mwisho. Mtu hahamishi mama mzee na watoto ukutani kwa sababu ya kivuli peke yake. Balcony House, nyumba nyingine ya magengeni hapo Mesa Verde, ina njia ya kuingilia ya kutambaa, upana wake kama sentimita 46. Mgeni yeyote aliingia kwa magoti, mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Mlinzi mmoja mwenye rungu angetosha.

Kiva ni nini?

Ni chumba cha duara kilichozamishwa ardhini. Paa lake ni magogo yaliyopangwa kwa kupishana mpaka yakajifunga, kisha udongo juu, na huo ndio uwanja wanakochezea watoto na kusagia wanawake. Unashuka kwa ngazi kupitia tundu la katikati, tundu lile lile linalotoa moshi.

Ukiwa chini, angalia mpangilio. Katikati kuna meko. Ukutani kuna mlango wa mfereji wa hewa unaokuja kutoka nje. Kati ya mfereji na meko kumesimamishwa bamba la jiwe, ili hewa safi ikiingia isiuzime moto wala kuwapulizia watu moshi, bali izunguke kando. Ni ufundi mdogo, lakini ukiwahi kupika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha utauheshimu. Kisha nyuma ya meko, kwenye sakafu, kuna kishimo kidogo ambacho unaweza kukikanyaga bila kukiona. Kinaitwa *sipapu*, na kwa Wapueblo ni kumbukumbu ya mahali watu walipotokea kutoka ulimwengu wa chini kuja huu wa juu.

Kiva haikuwa ya ibada peke yake. Watu walifuma humo, walisimuliana humo, na wakati wa baridi nadhani walilala humo. Na si mambo ya kale: vijiji vya Pueblo vya leo vina kiva zinazotumika. Ukivitembelea, usichungulie wala kupiga picha.

Walikula nini?

Mahindi, maharage na maboga. Shangazi, ndiyo, mahindi. Jina letu linamsingizia Mhindi, lakini zao lenyewe ni la mabara ya Amerika, na kwetu lilifika baada ya Wareno kuanza safari zao. Watu wa Mesa Verde walikuwa wakisaga unga wa mahindi karne nyingi kabla ugali wa sembe haujajulikana Afrika.

Walisaga kwa mkono: jiwe bapa chini, jiwe dogo juu, mwanamke amepiga magoti, saa kwa saa kila siku. Mawe yalikuwa ya mchanga, kwa hiyo kila tonge lilikuwa na chembe za mchanga. Meno ya watu wazima waliokutwa makaburini yamelika vibaya.

Walifuga bata mzinga na mbwa, basi. Bata mzinga walifungiwa nyuma ya pango, kwenye kiza, na kinyesi chao bado kipo. Kwa muda mrefu manyoya ndiyo yaliyotakiwa zaidi: yalizungushiwa kamba za yuka yakafumwa mablanketi mazito. Yuka, mmea wenye majani kama mkonge, ulitoa pia kamba, ndara, vikapu na hata sabuni kutoka mizizi yake. Waliwinda sungura na paa wa huko, na waliokota mbegu za misonobari.

Mbona milango ni midogo hivyo? Walikuwa wafupi?

Kidogo, si sana. Wanaume kwa wastani walikuwa kama sentimita 163 na wanawake kama 152, sawa na watu wengi wa Ulaya wa wakati huo. Mlango mdogo unatunza joto na unafunikwa kwa bamba moja la jiwe. Juu ya meza kuna mita zaidi ya 2,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si ya kupigia hadithi.

Miaka inajulikanaje, ikiwa hawakuandika?

Miti iliandika. Kila mwaka mti huongeza pete moja: mwaka wa mvua pete pana, mwaka wa ukame pete nyembamba. Mpangilio wa pana na nyembamba ni kama alama ya kidole ya miaka hiyo. Ukianza na mti uliokatwa jana, ukarudi nyuma kwa kulinganisha na boriti ya zamani kidogo, kisha ya zamani zaidi, unapata kalenda.

Aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mtaalamu wa nyota, A. E. Douglass, aliyekuwa akitafuta athari za madoa ya jua katika hali ya hewa. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa na kalenda mbili: moja inayofika leo, nyingine ya magofu, ambayo miaka yake ilijulikana kwa kulinganishwa yenyewe kwa yenyewe tu. Katikati palikuwa na pengo. Juni 1929, huko Show Low, Arizona, kikapatikana kipande cha boriti kilichoungua, kikapewa namba HH-39. Pete zake za ndani zililingana na kalenda ya kale, za nje na ile mpya. Jioni ile ile magofu mengi ya kusini-magharibi yakapata tarehe. Ndiyo maana tunaweza kusema kwamba nyumba nyingi za magengeni ni za miaka ya 1200, na kwamba miti ya mwisho kukatwa kwa ujenzi Mesa Verde ni ya karibu mwaka 1280.

Kwa anayetaka kulinganisha na kwetu: ukuta wa mwisho wa Cliff Palace na ukuta wa kwanza wa Husuni Kubwa pale Kilwa vinapishana kwa miongo michache tu.

Walipotelea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloniudhi kidogo. Hawakupotea. Walihama.

Kwa nini walihama? Pete za miti zinaonyesha ukame mkali kuanzia 1276 hadi 1299. Lakini walishawahi kupita ukame mwingine bila kuondoka wote, kwa hiyo ukame hautoshi kueleza kila kitu. Watu walikuwa wameongezeka. Miti ya karibu ilikuwa imekatwa kwa kuni na boriti, udongo umechoka, wanyama wa kuwinda wamepungua. Vita navyo vilikuwepo: katika kijiji cha Castle Rock, upande wa magharibi wa Mesa Verde, wachimbaji walikuta mifupa ya watu wengi waliouawa, wanawake na watoto wakiwemo, karibu mwaka 1280. Mahali ambapo jirani anakuogopa na wewe unamwogopa, ni rahisi kufunga mzigo.

Na huenda kulikuwa na kinachowavuta, si kinachowasukuma peke yake. Kusini, kando ya mto Rio Grande, na kwenye mesa za Wahopi, jamii zilikuwa zinakua. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya bata mzinga ulionyesha kwamba ndege waliofugwa kaskazini mwa Rio Grande baada ya 1280 wanalandana na wale wa eneo la Mesa Verde. Watu walihama na mifugo yao, kama mtu yeyote anavyohama.

Ukiwauliza Wapueblo wenyewe, wengi hawaoni fumbo lolote. Katika simulizi zao kuhama ni sehemu ya maisha: unakaa mahali, wakati wake unakwisha, unaendelea kuelekea mahali penu pa kweli. Makabila 26 leo yanatambuliwa kuwa na uhusiano na Mesa Verde. Baadhi ya watu wake huja kuzuru, na kwao ni kama mtu kwenda makaburini kwa babu. Mara ya kwanza nilipofika, mama mmoja wa Kipueblo alikuwa amesimama mbali na kundi letu la watalii, anatazama tu. Mtoto wa kundini akauliza kwa sauti wenyewe walikwenda wapi. Yule mama akacheka, akanyoosha kidole kusini, akasema, "Nyumbani. Saa tano kwa gari."

Nani aligundua Cliff Palace?

Inategemea unamuuliza nani. Waute, ambao nchi hiyo ilikuwa yao, walizijua nyumba hizo siku zote na wengi walizikwepa kwa heshima ya wafu. Ni Mute mmoja aitwaye Acowitz aliyemwambia mfugaji Richard Wetherill kwamba kuna nyumba kubwa kuliko zote juu korongoni. Tarehe 18 Desemba 1888, Wetherill na shemeji yake Charlie Mason, wakitafuta ng'ombe waliopotea kwenye theluji, wakaiona kutoka ng'ambo. Vitabu vikaandika "wamegundua".

Kilichofuata kilikuwa uokotaji. Vyungu, ndara, vikapu, hata miili, viliuzwa kwa aliyetaka. Mwaka 1891 akaja kijana wa Kiswidi, Gustaf Nordenskiöld. Alifanya kazi kwa utaratibu kuliko waliomtangulia, alipiga picha, alichora ramani, aliwafundisha akina Wetherill kutumia mwiko badala ya sepetu. Kisha akafunga vitu kwa mamia akavipeleka stesheni. Mjini Durango wakamkamata, watu wamehamaki, lakini ikabidi aachiwe, kwa kuwa hapakuwa na sheria aliyoivunja. Mzigo ukaenda Ulaya, na mwishowe ukatua Makumbusho ya Taifa ya Finland, Helsinki.

Hasira hizo hazikupotea bure. Wanawake wa Colorado, wakiongozwa na Virginia McClurg na Lucy Peabody, walipigania ulinzi kwa zaidi ya miaka kumi. Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya kulinda mambo ya kale, na mwezi huo huo, tarehe 29, Mesa Verde ikawa hifadhi ya taifa. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978.

Kuna nyumba kama hizi kwingineko?

Nyingi. Canyon de Chelly, Arizona, ina White House, nyumba iliyokaa kwenye ufa wa ukuta mwekundu ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Korongo hilo ni la Wanavajo, wanaishi na kulima humo mpaka leo, na kushuka ndani kwa kawaida lazima uwe na kiongozi wao. Betatakin na Keet Seel ziko kaskazini mwa Arizona; zilijengwa zaidi miaka ya 1260 hadi 1280 na kufikia 1300 zimeachwa, umri mfupi kuliko wa nyumba ya shangazi kule kijijini. Na kando ya Mesa Verde yenyewe kuna hifadhi ya Waute wa Ute Mountain, ambako viongozi wao hukupeleka kwenye nyumba zisizokarabatiwa sana wala kujaa watu.

Montezuma Castle, Arizona, nayo ni maarufu, ila iko kwenye mwamba wa chokaa, si wa mchanga, na wajenzi wake huitwa Wasinagua. Montezuma, mfalme wa Waazteki wa Mexico, hakuwahi kuiona. Ilishaachwa kabla hajazaliwa.

Nikitaka kwenda, nijipangeje?

Cliff Palace, Balcony House na Long House huingii bila kiongozi wa hifadhi, na tiketi zake huuzwa mtandaoni mapema. Wakati wa kiangazi zinakwisha kama mandazi ya asubuhi. Ziara ni za miezi ya joto. Majira ya baridi unatazama kutoka ng'ambo tu. Spruce Tree House, iliyokuwa rahisi kuliko zote kwa wazee, imefungwa tangu 2015 kwa sababu vipande vya mwamba vinadondoka.

Kutoka lango kuu mpaka kwenye nyumba zenyewe ni mwendo wa kama saa moja ya kona tupu. Watu hukosa ziara yao kwa kudhani lango ndiko kufika. Mimi ni mmoja wao.

Balcony House ina ngazi ya mbao ya karibu mita 10. Anayeogopa urefu asijitie ushujaa, achague Step House, ambayo unaitembelea kwa miguu bila ngazi kubwa. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi na kavu, na jasho linakauka kabla hujalihisi. Na ukipata nafasi ya kulala, lala. Giza lake ni la kweli, tangu 2021 linatambuliwa rasmi kimataifa, na Njia ya Maziwa unaiona mpaka ukingo wa dunia.

Nikiokota kigae kimoja kidogo, nani atajua?

Vigae vipo, ni kweli. Unatembea kwenye kijia, mvua imenyesha jana, na kando ya mguu kipo kipande cheupe chenye mistari myeusi, chembamba, mstari umechorwa na mkono usiotetemeka. Kiache hapo hapo. Kukiondoa ni kosa la jinai, na hata kukikusanya na wenzake juu ya jiwe ili wengine wakione, jambo wanalopenda kulifanya watalii, kunafuta habari ya mahali kilipoanguka. Piga picha, endelea na safari.

Na kikishaondolewa, kitu hakirudi kirahisi. Ule mzigo wa Nordenskiöld, kwa mfano. Ilichukua mazungumzo ya miaka mingi kati ya Wapueblo, Marekani na Finland. Septemba 2020, mabaki ya watu kama 20 na vitu 28 walivyozikwa navyo vilipakiwa Helsinki na kurudishwa. Wawakilishi wa Wahopi na wa vijiji vya Acoma, Zia na Zuni waliwapokea, wakawazika tena Mesa Verde, miaka 129 baada ya kuchimbuliwa.